Viti Vitatu vya Barazani

Wajukuu zangu, kuna hesabu moja hamtafundishwa darasani. Nendeni ofisi ya kijiji chochote cha wilaya yetu ya Kilosa, kuanzia upande wa Magole hadi vijiji vinavyopakana na hifadhi ya Mikumi, mkamwamkie mtendaji kwa adabu, kisha mwombeni awasomee majina ya wajumbe wa Baraza la Ardhi la Kijiji. Majina yatakuwa saba. Sasa hesabuni ya wanawake. Yasipungue matatu. Yakipungua, baraza hilo halijatimia kisheria, hata kama wanaume wote waliomo ni watu wa busara na wenye mvi.

Mimi nikipita mahali baraza linapokaa, husimama kidogo. Nataka tu kuwaona wale akina mama watatu wamekaa benchi moja na wanaume. Nilipokuwa mdogo kama ninyi, benchi lilikuwa la wanaume. Mama zetu walikaa chini, kwenye mkeka, pembeni, na kesi ikihusu shamba la mmoja wao, aliyesimama kumsemea alikuwa mjomba wake. Mwenyewe alisikiliza kana kwamba anayezungumziwa ni mtu mwingine.

Kutoka mkekani hadi benchini ni hatua tatu au nne. Nchi yetu ilizitembea kwa miaka mingi sana. Leo nitawaeleza waliozitembea.

Tuanzie nyumbani, maana nyumbani ndiko kwenye fumbo. Bibi yangu alikuwa Msagara. Wasagara, Wakaguru wa kule Mamboya na Berega, na Wavidunda wa milimani juu ya Kidodi, wote huhesabu ukoo kwa mama, sawa na jirani zetu Waluguru, ambao ukoo huuita lukolo. Ukizaliwa, wewe ni wa ukoo wa mama yako. Baba yako anakupenda na anakulea, lakini yeye ni wa ukoo mwingine, ule wa mama yake. Mashamba ya ukoo nayo yalifuata njia hiyo hiyo. Zamani kijana akioa alihamia kwa wakwe zake akawalimia, nao wakamtazama kwa makini kama anajua kushika jembe.

Mgeni akisikia hivyo husema: kumbe huku wanawake ndio wenye mali! Nami humjibu kwa mfano wa mfereji. Mmewahi kufika Malolo mkaona vitunguu vinavyomwagiliwa? Maji yanapita mferejini, lakini mfereji haujifungui wenyewe. Kuna mtu amesimama pale kichwani na jembe, anafungua huku, anaziba kule. Ukoo wetu hupita kwa mama kama maji yale. Aliyeshika jembe ni kaka yake, yaani mjomba wako.

Faida ilikuwepo, siwezi kuwaficha. Mwanamke aliyeachika alirudi kwao akapata pa kulima, na hakuna aliyemwambia kwamba ameshaolewa na hana chake pale. Sehemu nyingine za nchi hii dada zetu hawakuwa na hilo. Lakini palikuwa na mlango wazi na mlango uliofungwa, na ule uliofungwa niliujua kupitia kwa mama yangu mdogo.

Mumewe alifariki nilipokuwa darasa la nne. Walikuwa wamelima pamoja miaka mingi, mpunga na mahindi, bondeni karibu na mto Mkondoa. Kwa fedha ya mpunga walinunua baiskeli, cherehani, na mabati ya kuezekea nyumba. Arobaini ilipokwisha, wakaja watoto wa dada zake marehemu. Kimila wao ndio warithi, kwa kuwa ndio wa ukoo wake. Watoto wake wa kuzaa ni wa ukoo wa mama yao. Wakachukua baiskeli. Wakachukua cherehani, ambayo aliyekuwa akiishonea ni mama mdogo. Siku ya tatu wakapanda juu ya nyumba, wakaanza kung'oa mabati.

Hawakuwa watu wabaya, nawaomba mnielewe. Mmoja wao alilia huku anang'oa misumari, kwa sababu mama mdogo ndiye aliyemlisha alipokuwa akisoma. Aling'oa hivyo hivyo, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa kuwa ni haki. Mama mdogo alikaa chini ya mwembe akiitazama mikono yake. Nilimsikia akisema maneno matatu tu: "Na mimi nililima."

Yashikeni maneno hayo, tutayakuta tena mbele.

Wakati wa Waingereza bonde letu lilijaa mkonge. Kimamba, Rudewa, ungetazama huku ukaona safu za mkonge, ungetazama kule ukaona safu nyingine. Wanaume walioletwa kutoka mbali kuukata waliitwa manamba, na kila mmoja alikuwa na kipande chake, karatasi iliyotiwa alama kwa kila siku ya kazi. Siku 30 zikitimia, analipwa. Sasa fikirini juu ya mkewe. Aliamka kabla ya mumewe, akachota maji, akatwanga, akalima bustani ili mshahara ule mdogo utoshe, jioni akapika pombe ya kuuza. Kazi hiyo haikuwa na kipande. Hakuna aliyeitia alama popote.

Uhuru ulipopatikana, jambo hilo halikubadilika lenyewe. Mwaka 1963 serikali iliandika sheria za mila za mirathi, na iliyoziandika ni zile za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Humo binti aliwekwa daraja la tatu, nyuma ya kaka zake, na shamba la ukoo aliruhusiwa kulitumia maisha yake yote lakini si kuliuza. Sisi wa ukoo wa mama hatukuandikwa. Mila zetu zikabaki vinywani mwa wazee. Mila iliyo kinywani ina uzuri wake, huweza kupinda ikamhurumia mtu. Huweza pia kupinda ikamnyima. Kisha vikaja vijiji vya Ujamaa, tukahamishwa, tukapewa viwanja kaya kwa kaya. Kaya iliandikwa kwa jina la baba. Hata ule mfereji wa mama, kwa wengi wetu, ukakauka hapo.

Sasa turudi nyuma, twende Dar es Salaam. Siku hizi treni ya umeme inapita Kilosa, na mkifika mjini mkazunguka kidogo mtaikuta Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Magari mengi, kelele nyingi, na wapita njia wachache wanaojiuliza huyu Bibi Titi alikuwa nani.

Alizaliwa mwaka 1926, papo hapo Dar es Salaam. Alisoma shule ya msingi kidogo, kisha akavunja ungo, akawekwa ndani kama mwali, na akiwa na miaka kama 14 akaozwa kwa mwanamume aliyemzidi sana umri. Kumbukeni umri huo nao. Alipokuwa mtu mzima alijulikana mjini kwa sauti yake: alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Msidharau ngoma. Kikundi cha ngoma kilikuwa na viongozi wake, michango yake, na wanachama waliozikana na kuuguzana. Wanaume walikuwa na vilabu na vyama. Wanawake walikuwa na ngoma, na ndani ya ngoma walikuwa wamekwisha jifunza kujiongoza wenyewe bila kufundishwa na mtu.

TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata alikuja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, jina lake John Hatch. Alipowaona viongozi wa TANU aliwauliza swali moja: wanawake wenu wako wapi? Lilikuwa swali la haki, na walioulizwa hawakuwa na jibu la kutosha. Ndipo Bibi Titi akaitwa. Hakuanza kwa kuandika barua wala kubandika matangazo. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, mmoja baada ya mwingine, pamoja na wenzake kama Tatu binti Mzee, akawaeleza jambo lenyewe kwa Kiswahili wanachokijua. Kiongozi wa ngoma akikubali, kikundi chake chote kilimfuata. Katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamechukua kadi za TANU.

Ni wanawake gani hao? Waliopika maandazi na vitumbua, waliouza pombe, waliolima mihogo pembezoni mwa mji. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na siasa, kwa hiyo wanaume wengi wenye elimu na kazi nzuri walisita. Muuza vitumbua hakuwa na mwajiri wa kumwogopa. Mtafiti mmoja, Susan Geiger, alikaa na Bibi Titi na wenzake miaka ya 1980 akawasikiliza kwa kirefu, na mwaka 1997 akatoa kitabu juu yao. Mpaka hapo, vitabu vingi vya historia ya uhuru vilikuwa vimewataja kwa mistari miwili mitatu, kana kwamba walikuja mkutanoni kupiga vigelegele tu. Hilo huniuma hadi leo. Nilifundisha historia miaka mingi, na kwa miaka ya mwanzo mimi mwenyewe niliifundisha hivyo hivyo, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa.

Mwaka 1962 ulianzishwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wake. Kisha hadithi yake inaingia gizani. Mwaka 1969 alikamatwa pamoja na wengine kwa kesi ya uhaini, mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 Mwalimu Nyerere akamsamehe akatoka. Alifariki mwezi Novemba 2000. Mimi nikiwasimulia kesi ile huwa sihukumu; ninawaonyesha jambo moja tu. Katika mwaka huo wa 1971, Bibi Titi akiwa nyuma ya kuta za gereza, Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa.

Sheria hiyo tuitazame kwa utulivu, maana ni kubwa. Kabla yake, Mwislamu aliolewa kwa utaratibu wake, Mkristo kwa wake, mwenye mila kwa wake, na kila mmoja akapata haki tofauti. Sheria ya 1971 ilizikusanya ndoa zote chini ya paa moja na kutaka ziandikishwe. Ikasema mwanamke aliyeolewa anaweza kumiliki mali yake kwa jina lake, kama mwanamume. Ikasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzake wa ndoa kwa kumwadhibu. Fikirini jinsi maneno hayo yalivyosikika mwaka ule, wakati wazee wengi waliona kipigo ni sehemu ya kumtunza mke! Na ikasema kwamba ndoa ikivunjika, mahakama itagawa mali iliyochumwa pamoja, ikitazama mchango wa kila mmoja wa fedha, mali, au kazi.

Neno la mwisho hilo, kazi, lilikaa ndani ya sheria miaka 12 kama mbegu ya mpunga inayongoja maji. Hakuna aliyekuwa na uhakika lina maana gani.

Aliyelimwagia maji alikuwa Bi Hawa Mohamed. Alikuwa mke wa bwana Ally Sefu, mama wa nyumbani, na walipoachana alidai sehemu ya mali waliyoipata wakiwa pamoja. Mahakama za chini zilimjibu kwamba hakuchangia kitu, alikuwa mama wa nyumbani tu. Hakukubali. Akapanda ngazi hadi Mahakama ya Rufani, ile ya juu kabisa, na mwaka 1983 majaji wakiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali wakatoa jibu ambalo bado linasomwa na kila mwanafunzi wa sheria nchini: kupika, kufua, kulea watoto na kutunza nyumba ni kazi, na kazi hiyo ni mchango katika mali ya familia.

Mtauliza, basi Bi Hawa alipata kiasi gani? Hakupata. Mahakama iliona kuwa mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara, naye akazitumia vibaya, kwa hiyo sehemu yake ilikuwa imekwisha tumika. Alirudi nyumbani mikono mitupu. Lakini tangu siku hiyo hakuna hakimu anayeweza kumwambia mwanamke kwamba alikuwa mama wa nyumbani tu. Mke wa manamba wa Kimamba alipata kipande chake, miaka mingi baada ya kuinamia kinu. Na mama yangu mdogo, nilipomsomea habari hiyo, aliniomba niirudie. Nikairudia. Hakusema kitu, aliendelea kuchambua mboga.

Sasa twende mbali kidogo, Muleba, ng'ambo ya ziwa. Huko aliishi Bi Holaria Pastory, mama mzee wa Kihaya. Baba yake alikuwa amemwachia shamba kwa wosia. Umri ukaenda, akawa hana wa kumtunza, ndipo mwezi Agosti 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo wao. Kesho yake tu, ndugu wa ukoo akafungua kesi. Hakudai kwamba bei ni ndogo. Alidai kwamba Bi Holaria ni mwanamke, na kwa mila ya Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza shamba la ukoo. Mwanamume angeweza.

Mahakama ya Mwanzo ilimpa ndugu huyo ushindi. Mahakama ya Wilaya ikageuza. Kesi ikafika Mahakama Kuu, Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya, naye mwezi Februari 1990 akaamua. Miaka michache nyuma, mwaka 1984, Katiba yetu ilikuwa imeongezewa sura ya haki za binadamu, inayokataza ubaguzi. Jaji akauliza kwa namna yake: je, haki hizo zinabaki mlangoni mwa ukoo, au zinaingia ndani? Akaamua zinaingia. Mwanamke ana uwezo wa kuuza kama mwanamume, na mtu wa ukoo akitaka kulikomboa shamba, mwanamume au mwanamke, arudishe zile 300,000 katika miezi 6. Mnaona? Jaji hakuuvunja ukoo. Aliufungulia mlango, binti naye akaingia.

Mimi humpenda sana Bi Holaria, ingawa sikuwahi kumwona. Hakuwa kiongozi wa chama, hakusimama jukwaani. Alikuwa amezeeka, amechoka, anataka kula. Kuna haki nyingi zilizoanza kwa mtu aliyekuwa na shida ya kawaida, akakataa kuambiwa haikuwa shida.

Katika miaka ile wanawake wenye elimu nao walijipanga. Waandishi wa habari walianzisha TAMWA mwaka 1987, wanasheria wakaunda TAWLA, na mwaka 1993 ukaanza Mtandao wa Jinsia, TGNP. Mwaka 1995 dunia nzima ilikutana Beijing kuzungumzia wanawake, na katibu mkuu wa mkutano ule alikuwa Mama Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe. Tulimsikiliza redioni. Kabla yake walikuwepo Lucy Lameck wa Moshi, aliyeingia Bungeni na kuwa naibu waziri katika miaka ya kwanza ya uhuru, na mwaka 1975 Tabitha Siwale na Julie Manning waliopewa uwaziri kamili. Majina hayo yaandikeni daftarini, kila moja lina hadithi yake, na leo sina nafasi.

Nataka nafasi ya ardhi. Serikali ilipoanza kutengeneza sheria mpya ya ardhi miaka ya 1990, vyama hivyo vya wanawake viliungana kuhakikisha kwamba mwanamke anaandikwa humo kwa jina, asije akaambiwa baadaye kuwa amesahauliwa kwa bahati mbaya. Mwaka 1999 sheria mbili zikapita, Sheria ya Ardhi, namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5, zikaanza kutumika Mei 2001. Hii ya pili ndiyo yetu sisi wa vijijini. Inasema mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Inasema mila zitafuatwa, ila mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Na inasema Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na watu saba, watatu kati yao wawe wanawake.

Hapo ndipo tatu yetu ilipozaliwa. Inatumika kwa Wasagara, na inatumika vile vile Twatwatwa, kijiji cha ndugu zetu wafugaji, ambao ukoo wao hufuata baba. Wilaya hii imeona ugomvi mkubwa wa ardhi baina ya mkulima na mfugaji. Desemba 2000 damu ilimwagika Rudewa Mbuyuni, watu 38 wakapoteza maisha. Baraza la kijiji kwetu si mapambo. Panapotetewa ardhi, ndipo watu wanapotetea uhai wao, na mwanamke lazima awe ameketi hapo.

Nilisema mkumbuke umri wa Bibi Titi alipoozwa. Ile Sheria ya Ndoa ya 1971, pamoja na mema yake yote, iliacha tundu. Mvulana aoe akiwa na miaka 18. Msichana aolewe na 15, wazazi wakikubali, na mahakama inaweza kuruhusu hata akiwa na 14. Kumi na nne! Miaka ikaenda, hakuna aliyeliziba. Kisha binti mmoja mwanasheria, Rebeca Gyumi, akaenda Mahakama Kuu kudai kwamba vifungu hivyo, cha 13 na cha 17, vinakwenda kinyume cha Katiba kwa kuwa vinambagua msichana. Tarehe 8 Julai 2016 mahakama ikamkubalia, na kuipa serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Ninyi wasichana mliomo humu wa darasa la saba mna miaka 13 na 14. Tazamaneni. Sina la kuongeza.

Mwaka huo huo wa 2016 Sheria ya Elimu nayo ilibadilishwa: anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba hufungwa miaka 30. Lakini msichana mwenyewe aliyepata mimba bado alifukuzwa shule. Nilipokuwa mwalimu niliwaona wakiondoka, sare wamekunja ndani ya mfuko wa plastiki, na sikuwahi kumwona mvulana yeyote akikunja sare yake kwa sababu hiyo. Mwezi Machi 2021 Mama Samia Suluhu Hassan alishika urais, mwanamke wa kwanza nchini kwetu, na tarehe 24 Novemba mwaka huo Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, akatangaza kuwa wasichana hao wanaweza kurudi darasani baada ya kujifungua. Hapa Kilosa mama mmoja nimjuaye alisikia tangazo hilo redioni akiwa anapalilia ufuta. Aliacha jembe shambani, akaja kuniuliza kama ni kweli au amesikia vibaya. Siku iliyofuata alikuwa njiani kwenda shuleni kumwulizia binti yake.

Mjue pia kwamba haki iliyoandikwa inahitaji mtu wa kuitamka. Nimemwona mjumbe wa baraza, mmoja wa wale watatu, akikaa benchini tangu asubuhi hadi jua linazama bila kusema neno. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Kikao cha pili nikaenda tena. Kesi ilikuwa ya mjane, na ndugu wa marehemu walikuwa wakieleza vizuri sana, kwa utaratibu, kwa nini shamba ni lao. Mwenyekiti alikuwa anakaribia kufunga. Mjumbe yule akainua mkono, sauti ikitetemeka, akawauliza ndugu hao: "Mpunga wa mwaka jana, nani aliupalilia?"

Hawakujibu. Akawauliza tena, safari hii bila kutetemeka.

Nilitamani mama yangu mdogo awepo, lakini alikuwa amekwisha tangulia.

Basi jioni ya leo mkifika nyumbani, mkiwa mnamsaidia bibi kupepeta mchele, mwulizeni taratibu: lile shamba la bondeni lina hati ya hakimiliki ya kimila au bado? Na kama lina hati, jina lililoandikwa ni la nani? Hati inaweza kubeba majina mawili, la babu na la bibi. Mwambieni, kama hajui. Kama hakuna hati, mwulizeni mpaka wa shamba uko wapi, nani alikuwa wa kwanza kulifyeka, na majirani wa pande zote ni akina nani, muyaandike yote. Kesho mje na madaftari yenu.